Namna ya Kugawana Uendeshaji na Gari Lenye Kamera na Rada

Maswali ni yaleyale kila gari jipya linaposhuka bandarini. Mtu ameagiza Subaru, Toyota, Nissan au Honda iliyotumika Japani, amelipia kodi, ameliwasha, na sasa anakuta usukani una vitufe ambavyo gari lake la zamani halikuwa navyo. Nikibonyeza hiki, gari litajiendesha? Kwa nini usukani unanirudisha ninapokwepa shimo? Kwa nini gari lilifunga breki lenyewe bodaboda alipokatiza mbele yangu? Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwenye maswali hayo, yaani dereva ambaye tayari anajua kuendesha vizuri, lakini hajawahi kugawana kazi ya uendeshaji na mashine.

Jambo la kwanza la kulielewa ni kwamba hakuna hata moja kati ya magari hayo linalojiendesha. EyeSight ya Subaru, Safety Sense ya Toyota, ProPILOT ya Nissan na Sensing ya Honda, kama zinavyopatikana katika magari tunayoagiza, haziendi zaidi ya ngazi ya 2 katika kipimo cha SAE J3016, kipimo cha chama cha wahandisi wa magari ambacho kina ngazi sita kuanzia 0 hadi 5. Katika ngazi ya 2 gari linaweza kushika mwendo na usukani kwa wakati mmoja, lakini anayetazama barabara ni wewe, na ajali ikitokea aliyekuwa akiendesha ni wewe. Nadharia yote unayoihitaji ni hiyo. Ujuzi utakaoutafuta katika hatua zinazofuata ni kujua, wakati wowote gari likiwa linatembea, nani ameshika mwendo na nani ameshika usukani.

Nalisisitiza hili kwa sababu nilijifunza kwa hofu, kati ya Mlandizi na Chalinze. Nilikuwa nimeweka kruzi, yaani mfumo unaoshika mwendo badala ya mguu wa dereva, kwenye 80, gari likifuata lori kwa utulivu. Bodaboda aliingia barabarani kutoka kushoto, nikagusa breki kidogo, akapita, nami nikarudisha mguu sakafuni kama nilivyokuwa. Kule kugusa breki kulikuwa kumeiondoa kruzi kazini, na taa ndogo ya kijani kwenye dashibodi ilikuwa imegeuka nyeupe, ila sikuitazama. Barabara hapo inateremka, hivyo gari liliendelea kwenda kwa kasi karibu ileile na sikuhisi tofauti yoyote. Lori lilipowasha taa za breki nilitulia nikisubiri gari lipunguze mwendo, nalo halikupunguza, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nimeshika mwendo bila kujua. Kengele ya hatari ndiyo iliyonizindua. Niliposimama niliweza kusoma maandishi yaliyopakwa rangi kwenye mpira wa madigadi ya lori lile.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Tafuta kitabu cha maelekezo cha gari lako kwa Kiingereza. Kinachokuja na gari huwa cha Kijapani, lakini watengenezaji huchapisha vya Kiingereza kwa magari ya modeli hiyohiyo yanayouzwa katika nchi nyingine, na unaweza kuvipakua. Kumbuka kwamba gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani linaweza kutofautiana na la kwenye kitabu hicho katika mambo madogo, kwa mfano kasi ambayo mfumo huanza kufanya kazi. Soma sura ya kruzi na sura ya breki ya dharura, hata kama hutasoma nyingine.

Kagua kioo cha mbele. Kamera hukaa nyuma ya kioo, karibu na kioo cha kutazamia nyuma, na eneo lililo mbele yake lazima libaki tupu. Nimeona stika ya Nenda kwa Usalama imebandikwa juu kabisa, mbele ya lenzi, na mwenye gari analalamika kwamba mfumo ni mbovu. Mkanda wa tinti unaopakwa sehemu ya juu ya kioo huleta tatizo hilohilo, na vivyo hivyo mapambo yanayoning'inia.

Kagua uso wa gari. Katika Toyota nyingi rada imefichwa nyuma ya nembo ya mbele; katika magari mengine iko kwenye bampa. Ukifunga ngao ya chuma mbele yake, au ukabadilisha nembo kwa ile ya dukani inayong'aa, unaweza kuwa umeliziba gari jicho.

Jua kama gari limeinuliwa. Mtindo wa kuweka spesa ili gari lisigongegonge chini unaeleweka kwa barabara zetu, lakini kamera na rada zilipimwa kiwandani kwa urefu fulani kutoka ardhini na kwa pembe fulani. Gari lililoinuliwa nyuma kuliko mbele linatazama lami, na lililoinuliwa mbele linatazama mawingu. Kama lako limeinuliwa na hakuna aliyepima upya kamera, usitumie mfumo wa kushika leni wala kruzi ya kufuata gari la mbele mpaka lipimwe.

Mwisho, chagua barabara na saa. Unahitaji barabara pana yenye michoro inayoonekana, pande mbili zikiwa zimetenganishwa, mchana, pasipo mvua, na magari yakiwa machache. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, sehemu iliyopanuliwa ya Morogoro Road kati ya Kimara na Kibaha alfajiri ya Jumapili kukishapambazuka inafaa. Kwa mkazi wa Nairobi, Thika Road siku na saa hiyohiyo. Nenda na mtu mzima wa kukaa kiti cha pembeni. Kazi yake itaelezwa katika hatua ya 6.

## Hatua

1. Orodhesha mifumo ambayo gari lako linayo. Usiamini maneno ya muuzaji wala nembo iliyobandikwa nyuma. Kaa ndani ya gari na kitabu, na uandike kwenye karatasi kama lina breki ya dharura inayojifunga yenyewe, kruzi ya kawaida, kruzi inayofuata gari la mbele, onyo la kutoka nje ya leni, na mfumo wa kushika leni. Kila kimoja kinajitegemea, na kimoja kinaweza kuwa kazini kingine kikiwa kimezimwa. Magari mengi ya ngazi hii yana kruzi za aina mbili katika kitufe kimoja: ukikibonyeza mara moja unapata kruzi inayofuata, ukikishikilia kwa sekunde moja au mbili unapata kruzi ya kawaida, ambayo hushika mwendo uliouweka na haitapunguza hata kama mbele yako kuna trela. Jua alama ya kila moja kwenye dashibodi kabla hujaingia barabarani.

2. Jifunze alama na sauti gari likiwa limesimama. Washa gari, piga picha za dashibodi katika kila hali, na maandishi ya Kijapani yasome kwa programu ya kutafsiri iliyo kwenye simu. Yule mama wa Kijapani anayezungumza kila unapowasha gari kwa kawaida anakukumbusha kwamba kadi ya kulipia barabara za Japani haijawekwa, na hahusiani na usalama wako. Tatizo ni kwamba ukizoea kumpuuza, siku gari likitoa onyo la kweli kwa lugha hiyohiyo utalipuuza pia. Kichomoe kile kifaa cha kadi, au mwombe fundi wa umeme akizime, ili sauti zitakazobaki ndani ya gari ziwe na maana.

3. Breki ya dharura iache iwake, na usiijaribu. Mfumo huu kwanza hulia, kisha hufunga breki ukiwa hujachukua hatua. Kwa kasi ndogo unaweza kulisimamisha gari kabisa. Kwa kasi kubwa mara nyingi hupunguza tu ukali wa kugonga. Kuna watu wanaoweka boksi barabarani ili kuona kama gari litasimama, na kuna waliomsimamisha kijana mbele ya gari. Tafadhali usifanye hivyo kamwe. Kamera inaweza kulipuuza boksi, na mtu anaweza asitambuliwe kwa sababu ya mwanga, mavazi au mzigo alioubeba kichwani. Mfumo huu uhesabu kama mkanda wa kiti: upo, umefungwa, na hupangi safari yako kwa kuutegemea.

4. Anza na kruzi inayofuata peke yake, huku mfumo wa kushika leni ukiwa umezimwa. Fika kwenye mwendo wa kilomita 60 au 70 kwa saa, bonyeza kitufe cha kruzi, kisha SET, kitufe cha kuweka mwendo. Chagua umbali mrefu kabisa kutoka gari la mbele. Kitufe chake huwa na mchoro wa gari na vistari. Utashawishika kuchagua umbali mfupi kwa sababu daladala na matatu wataingia katika nafasi uliyoiacha. Waache waingie. Gari litapunguza na kuirudisha nafasi, nawe utakuwa umechelewa sekunde chache tu.

Mguu wako usiende mbali. Uweke sakafuni mbele ya breki, kisigino kikiwa kimetulia, ili kuifikia breki kuwe ni kuinua unyayo tu. Kuukunja mguu chini ya kiti au kuvua viatu kwa sababu "gari linaenda lenyewe" ndiyo tabia mbaya ninayoikuta mara nyingi zaidi kuliko nyingine zote.

5. Jizoeze kunyang'anya. Hii ndiyo hatua wanayoiruka wengi, nayo ndiyo inayookoa. Kwenye barabara tupu, chukua uendeshaji kutoka kwa gari mara kumi kwa njia ya breki, mara kumi kwa kitufe cha CANCEL na mara kumi kwa kukanyaga mafuta. Kila njia ina matokeo yake. Breki na CANCEL huiondoa kruzi kazini, na kuanzia hapo mwendo ni wako mpaka utakapoirudisha mwenyewe. Kukanyaga mafuta hakuiondoi. Kunaisimamisha kwa muda, na wakati mguu wako uko juu ya mafuta gari halitakufungia breki kwa ajili ya kufuata lililo mbele. Ukiachia, kruzi inarudi kazini bila kukuuliza. Dereva asiyejua tofauti hii huachia mafuta akitarajia gari lipungue taratibu kama kawaida, kisha anashangaa linapofunga breki, au linapoendelea kwa mwendo uliowekwa dakika kumi zilizopita.

Endelea na zoezi hili mpaka uweze kulifanya huku macho yako yakiwa mbele, bila kutafuta kitufe kwa kutazama.

6. Tamka kwa sauti nani ameshika nini. Hapa ndipo mwenzako wa kiti cha pembeni anapohitajika. Kila hali inapobadilika, sema: "Mwendo wa gari, usukani wangu." Ukigusa breki: "Mwendo wangu, usukani wangu." Yeye atazame taa kwenye dashibodi na akukosoe. Utajisikia mtoto wa shule kwa nusu saa ya kwanza. Baada ya siku tatu utakuta unajisemea kimoyomoyo bila kujitahidi, na jicho lako litakuwa limezoea kuikagua ile taa ya kijani kila mguu unapotoka kwenye breki. Kama ningekuwa na tabia hiyo siku ile ya Mlandizi, lori lisingenishtua.

7. Kitufe cha RES kitumie kwa adabu. RES hurudisha mwendo wa mwisho uliouweka. Ukiwa uliweka 100 nje ya mji, ukafunga breki ulipoingia kijijini penye kibao cha 50, ukabonyeza RES mbele ya shule, gari litafanya ulichokiomba, yaani litapanda kuelekea 100. Kanuni ninayowafundisha watu ni rahisi: baada ya kupita makazi ya watu, weka mwendo upya kwa SET, na RES iache kwa ajili ya foleni. Katika foleni, gari likisimama kwa muda mrefu kidogo halitaondoka lenyewe. ProPILOT, kwa mfano, huondoka yenyewe kama kusimama hakukuzidi takriban sekunde 3, na zaidi ya hapo husubiri RES au mguu wa mafuta. Kabla hujabonyeza, tazama mbele ya bampa lako. Wauza maji na watoto hupita hapo, tena wengine ni wafupi kuliko boneti.

8. Ongeza mfumo wa kushika leni baada ya siku kadhaa, na mikono ibaki kwenye usukani. Magari mengi hayaanzi kushika leni mpaka mwendo ufike takriban kilomita 50 hadi 65 kwa saa. Yanahitaji kuona michoro, na yakiipoteza huachia usukani, mara nyingi kwa mlio mdogo au kwa kubadilika tu kwa rangi ya mchoro kwenye dashibodi. Shika usukani pande mbili, kwa wepesi, uhisi gari linavyouzungusha bila kupambana nalo na bila kuachia.

Ukitaka kukwepa shimo, zungusha usukani kama ulivyozoea. Nguvu ya mfumo ni ndogo kuliko ya mkono wa mtu mzima, na utaishinda. Mshangao ndio unaoleta madhara: dereva anahisi usukani unamrudisha, anaogopa, anauvuta kupita kiasi, na gari linavuka mstari wa katikati. Ukiwasha indiketa kabla ya kukwepa au kupita gari jingine, mifumo mingi hukupisha.

Kwenye barabara ya kawaida ya njia mbili isiyotenganishwa, ushauri wangu ni kuuzima kabisa. Mfumo umefundishwa kukuweka katikati ya leni yako. Wewe, ukiona basi linakuja upande wa pili likilipita lori, unataka kujisogeza kushoto hadi ukingoni, na pengine kuingia kwenye changarawe. Hiyo ni sekunde ambayo usukani haupaswi kuwa na mabwana wawili. Uzime vilevile penye matengenezo na michepuo, ambapo michoro ya zamani haijafutwa na mipya imepakwa juu yake.

Usifunge chupa ya maji wala kitu kingine chochote kwenye usukani ili kuudanganya mfumo kwamba mikono ipo. Mwaka 2016, huko Florida, Marekani, dereva wa Tesla Model S alifariki gari lake lilipopita chini ya trela lililokuwa likikatiza barabara. Uchunguzi wa shirika la serikali la usalama wa usafiri, NTSB, ulionyesha kwamba katika dakika 37 ambazo mfumo ulikuwa umeshika gari, mikono yake ilihisiwa kwenye usukani kwa jumla ya sekunde 25.

9. Rudisha kila kitu mikononi mwako kabla ya kufika mahali pagumu. Kwa mwendo wa 80 gari linapita mita 22 kila sekunde, na kwa 100 karibu mita 28. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 157, inayohusu magari ya ngazi ya 3, yaani yanayoweza kujiendesha kwa muda, inataka gari linapomwita dereva limpe angalau sekunde 10 kabla halijaanza kujisimamisha lenyewe. Gari lako halina ahadi hiyo. Linaweza kukuachia sasa hivi, kwa mlio mmoja. Kwa hiyo chukua mapema unapoona yafuatayo mbele.

Matawi ya miti barabarani. Sote tunajua maana yake: lori limeharibika mbele. Rada nyingi, gari likiwa kwenye kasi ya barabara kuu, hupuuza vitu vilivyosimama tuli ili zisifunge breki kwa kila nguzo na kibao. Lori lililozimika kwenye leni yako linaweza kuhesabiwa kuwa kimojawapo cha vitu hivyo, na kamera usiku inaweza isilione kama halina taa wala viakisi mwanga. Hatari inazidi unapofuata gari jingine: la mbele likilikwepa lori ghafla, kruzi yako inaona njia imekuwa nyeupe na inaongeza mwendo kuelekea kwenye lori. Gari la mbele likihama leni ghafla, mguu uende kwenye breki kabla hujajua sababu.

Makazi, matuta, vivuko vya watoto, minada ya pembezoni mwa barabara. Kruzi haijui tuta. Italiruka kwa 80.

Miteremko mirefu na kona kali, kama Kitonga kule Iringa au Salgaa kati ya Nakuru na Eldoret. Kwenye kona kruzi hupoteza gari la mbele na kuongeza mwendo katikati ya kona, na kwenye mteremko breki huchoka. Shusha gia, ushike mwendo mwenyewe.

Wanyama. Barabara kuu inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na mifumo mingi ya magari ya umri huu ilifundishwa kutambua magari, watu na baiskeli, wala si twiga. Ng'ombe na punda wa vijijini wako katika kundi hilohilo.

Mvua kubwa, vumbi zito, ukungu, na jua la jioni linapokupiga usoni. Ukiwa huoni vizuri, kamera nayo haioni vizuri.

Vibao vya barabarani. Baadhi ya magari husoma vibao, lakini yamefundishwa vya Japani, ambako kibao cha kusimama ni pembetatu nyekundu iliyopinduliwa. Chetu ni cha pembe nane. Usitegemee usomaji huo hata kidogo.

10. Kila baada ya dakika 20, endesha mwenyewe kwa dakika 5. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Mwingereza Norman Mackworth alichapisha majaribio juu ya watu wanaokesha wakitazama mitambo, na akaona kwamba umakini wao unashuka ndani ya nusu saa ya kwanza. Kumtazama mwingine akifanya kazi kunachosha kuliko kuifanya. Ukianza kusinzia, kuongeza msaada wa gari ndilo jambo baya kuliko yote, kwa kuwa unamkabidhi kazi msaidizi ambaye naye anahitaji kusimamiwa. Zima, tafuta mahali salama, ulale. Simu nayo haina nafasi hapa. Huko Tempe, Arizona, tarehe 18 Machi 2018, gari la majaribio la kujiendesha lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara akisukuma baiskeli. Mfumo ulikuwa umegundua kitu mbele sekunde 5.6 kabla ya kugonga lakini haukutambua ni nini, na dereva aliyewekwa kuusimamia alikuwa akitazama simu.

11. Ukimwachia mtu gari, mkabidhi na hali yake. Magari yetu huendeshwa na wengi: mke au mume, shemeji aliyekuja kuazima, dereva wa kuajiriwa. Anayepewa ufunguo bila maelezo atakutana na usukani unaomvuta kwa mara ya kwanza akiwa peke yake barabarani. Zima kushika leni na kruzi kabla ya kumpa, mweleze kuhusu breki ya dharura kwa dakika mbili, na kama atataka kutumia mifumo mingine aanze na hatua ya 1 kama ulivyoanza wewe.

## Mambo yakienda kombo

*Kruzi haikubali kuwaka.* Angalia kwanza mambo madogo: mkanda haujafungwa, mlango haujashika vizuri, kioo kichafu, nembo ya mbele imejaa matope. Futa kioo kwa ndani pia, mbele ya kamera, kwa kitambaa laini kikavu bila kugusa lenzi. Kwenye Subaru, taa ya injini ikiwaka dashibodini EyeSight hujizima, hivyo tatizo linaweza kuwa kwenye sensa ya injini na si kwenye kamera.

*Mfumo ulikuwa mzima mpaka nilipobadilisha kioo.* Jiwe limepasua kioo, fundi ameweka kingine, na kamera imerudishwa kwa gundi. Kamera iliyopinda kidogo tu huliona gari la leni ya pili kana kwamba liko mbele yako. Lazima ipimwe upya kwa mashine ya uchunguzi na vibao maalumu vya kulenga. Muulize fundi wa kioo swali hili kabla hajaanza kazi, na uulize pia kama kioo anachokiweka kimetengenezwa kwa ajili ya gari lenye kamera.

*Usukani unavuta upande mmoja wakati wote.* Zima kushika leni, uendeshe kwenye barabara tambarare. Usukani ukiendelea kuvuta, anza na upepo wa matairi na alaimenti. Ukiacha kuvuta, kamera ndiyo inayotazama pembeni.

*Linanilia nishike usukani ilhali nimeushika.* Magari mengi hayahisi mkono, yanahisi nguvu ndogo ya kuzungusha. Ukishika kwa utulivu kabisa kwenye barabara iliyonyooka, yanadhani hakuna mtu. Uzungushe usukani kidogo sana, kiasi cha kuhisiwa tu.

*Linafunga breki pasipo kitu.* Kumbuka mahali ilipotokea. Kama ni palepale kila siku, pengine ni kona yenye gari lililoegeshwa, au kupanda kwa ghafla kunakoifanya rada iuone ukingo wa daraja kama kizuizi. Kama hutokea popote, tazama ngao, nembo na urefu wa gari. Wakati unatafuta sababu usiwe na gari linalokufuata kwa karibu; likikubana, lipishe. Ikitokea mara kwa mara, zima kruzi inayofuata na ulipeleke gari kwenye karakana yenye mashine inayosoma kompyuta ya kamera na rada, kwani ile inayosoma injini peke yake haitaonyesha kosa lolote.

*Fundi ameshauri tuzime kila kitu kwa kuchomoa fyuzi.* Kataa. Fyuzi hiyo inaweza kuwa inahudumia vifaa vingine, na breki ya dharura utaipoteza pamoja na kruzi. Kruzi na kushika leni huzimwa kwa vitufe vyake, na gari likabaki gari la kawaida ambalo umelishika lote, mwendo na usukani, mpaka kamera itakapopimwa.